Drafti ya Mzee Imeganda Tena

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, na za huyu anayeniandikia, Fundi cherehani aliyepanga chumba chetu cha mbele, yule anayeongea na pini mdomoni. U mzima? Kifua kimeachia? Unakula? Usinijibu "ndiyo Mama" kumbe unashindia chai. Mimi nipo, magoti ndiyo yananisumbua, lakini magoti ni yangu, tutajuana nayo. Baba yako yuko vilevile tangu kile kiharusi. Mkono wa kulia umelala, mguu anaukokota, na maneno yanamtoka moja moja kama maji ya mgawo.

Najua utauliza mbona sikupiga simu. Simu imenichosha. Nikipiga mimi uko kazini, ukipiga wewe nasikia upepo tu, na baba yako akijua ni wewe anachukua fimbo yake anatoka. Barua Fundi ananisomea hata mara nne huku anakata vitambaa vya watu. Anazituma kwa simu yake, zinapitaje sijui, zinafika.

Sasa neno lililonikalisha hapa. Ile kompyuta uliyompa dereva wa basi atuletee, inaganda.

Ngoja nianze mwanzo, Fundi anataka nifupishe ana gauni la bibi harusi, bibi harusi mwenyewe nasikia kaahirisha, kwa hiyo aandike. Ilipofika tuliiweka kwenye meza karibu na dirisha. Wewe ulisema Baba atacheza drafti na mashine. Mimi sikutaja mashine. Nilisema, "Imetoka kwa mwanao." Akakaa. Akasogeza kete yake kwa mkono wa kushoto na hicho mnachokiita kipanya. Punde kete nyeusi ya upande wa pili ikajisogeza. Akaitazama, akaitazama, akasema, "Ni yeye." Basi. Tangu siku hiyo baba yako anajua anacheza na wewe. Mimi sikumsahihisha, na Fundi nimemziba mdomo.

Mwanangu, mtu huyu alikuwa hataki hata kugeuzwa kitandani. Daktari kasema kila siku akae kitini, autumie huo mkono mzima, la sivyo atalala moja kwa moja. Tumembembeleza weee. Ikaja hiyo drafti, sasa anaamka, ananawa, anadai shati la kola. Shati la kola, na haendi popote.

Lakini ikiganda, kioo kinasimama kama picha ukutani. Kishale hakiendi, kete haziendi. Nachomoa waya, nachomeka, inawaka, ila mchezo umepotea na kete zimepangwa upya. Baba yako akiona hivyo anasema neno moja, "Kapindua." Unakumbuka siku mlipogombana ukaondoka, ulivyoupindua ule ubao wenu wa drafti kwenye karakana yake ya useremala, kete zikazama kwenye maranda. Sikukumbushi nikuumize, nakwambia anachokiona yeye. Akishasema hivyo anarudi kitandani, anageukia ukuta, na sahani yake nairudisha jikoni ilivyo. Safari hii alichukua siku nzima kurudi kitini, na safari iliyopita alirudi jioni ileile. Naona inazidi. Naogopa kuna siku itaganda asirudi tena.

Nitengenezee.

Mama yako

5 Machi

Shikamoo Mama,

Nimefurahi kusikia mko salama. Mimi mzima, ni uchovu tu. Mwenzangu mmoja wa chumba cha kufulia kaacha kazi, zamu zake nimepewa mimi, kwa hiyo mashuka ya hoteli nzima yanapita mikononi mwangu. Kifua kimepona. Nakula, Mama. Si chai.

Barua yako nimeisoma nimekaa juu ya gunia la taulo. Pale Baba aliposema "ni yeye" nimepasoma na kupasoma. Ngoja nianze na kompyuta.

Hiyo mashine ilikuwa ya mapokezi hapa hotelini, wakaitupa. Nikaifuta na kuiwekea Linux, mfumo wa bure, mwepesi, unaokubali mashine za zamani. Mimi siyo fundi wa kompyuta. Nimejifunza kwa kusoma na kuuliza watu mtandaoni, hivyo tutapapasa pamoja. Kinachonishangaza ni kwamba kabla sijaituma niliijaribu. Nilicheza drafti hadi nikachoka, haikuganda hata mara moja.

Ikiganda tena msichomoe waya. Tazameni kwanza saa ndogo ya kwenye kona ya juu, je, inaendelea? Kisha Fundi abonyeze kitufe cha herufi kubwa, Caps Lock, kile chenye kijitaa. Kijitaa kikiwaka, mashine ni hai na programu ndiyo imekwama. Kisipowaka, mashine yote imeshikwa. Baada ya hapo mbonyeze Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja mniambie mmeona nini.

Mambo mawili ya kufanya leo. Fundi abonyeze F11 ili drafti isijaze kioo kizima, maana programu zikijaza kioo wakati mwingine huzozana na mfumo. Na alifungue lile sanduku la kompyuta apanguse vumbi. Joto nalo hugandisha.

Baba msimwambie chochote kwanza.

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi tupo, mvua imetupiga, paa la karakana linavuja palepale linapovujaga, nimeweka beseni. Wewe na hayo mashuka, mgongo unasemaje? Umwambie mkuu wako mtu ana mgongo mmoja.

Tumefanya ulivyosema. Sanduku Fundi kalifungua kwa ile bisibisi ya cherehani, akalipangusa kwa brashi yake. Vumbi lilitoka la kujaza mto. Hilo ni la hotelini, mimi nyumba yangu naifagia. F11 kabonyeza, drafti ikawa ndogo katikati, baba yako akauliza, "Kasogea mbali?" Nikamwambia hapana, kakaa vizuri tu.

Tukashukuru, tukadhani imekwisha. Juzi mchana ikaganda tena.

Sasa nisikilize, maana nilisimama kama askari. Kwanza sanduku linaanza kuvuma. Linavuma, linavuma, kama mtu anapandisha mlima na mzigo. Halafu kile kijitaa chekundu cha mbele, ambacho huwaka mara mojamoja, kinaanza kupepesa bila kupumzika, kama jicho lililoingia mchanga. Kishale kinakuwa kizito, ukikivuta leo kinafika kesho. Halafu basi, kimya. Saa ya kwenye kona ilisimama. Nilienda jikoni, nikachambua mchele, nikarudi, saa ni ileile. Kitufe cha herufi kubwa Fundi kakibonyeza, kijitaa hakikuwaka. Kikaja kuwaka baadaye sana, sote tumeshakisahau. Mimi niliona haya kama nimemfumania mtu.

Ile ya vitufe vya pamoja ilitaka vidole zaidi ya tulivyokuwa navyo. Fundi kashika viwili, mimi kanionyesha kimoja nishike, tumeinamia meza vichwa vimegongana, Fundi akasema "Bibi, bonyeza, usipapase." Tukangoja. Mwisho kioo kikawa cheusi na maandishi meupe. Na hapo hapo baba yako akaingia kutoka nyuma, akasimama mlangoni na fimbo yake, akasema, "Kazima taa."

Nikamwambia umeme. Alikwenda kulala amevaa shati lake.

Leo hajaamka. Nimemwosha kitandani kama mtoto, hakunikataza, na mimi ningependa anikataze.

Fundi anauliza huyo Linux mwenyewe hana simu tumpigie. Nimemwambia kama angekuwa na simu mwanangu asingepapasa. Jitahidi.

Mama yako

10 Machi

Shikamoo Mama,

Poleni sana. Mwambie Fundi ahsante, kazi ya brashi ni kazi ya kweli.

Mlichoona kinanisaidia kuliko mnavyodhani. Kijitaa chekundu ni cha diski. Kitufe kujibu baada ya muda mrefu maana yake mashine haikufa, ilikuwa imelemewa. Kuna kitu kinaijaza mpaka inashindwa kupumua. Niliuliza wale watu wa mtandaoni, mmoja akaniambia ninunue mashine mpya, wengine wakaanza kubishana wao kwa wao, nikawaachia.

Nataka kujua jambo moja tu. Kabla haijaanza kuvuma, Baba anakuwa anafanya nini? Anabonyeza nini, anasogeza kete gani, anafungua wapi? Nieleze kila kitu hata kama unaona ni upuuzi.

Nimeandika nimesimama, mashine za kukaushia zinaniita.

Mwanao

14 Machi

Mwanangu,

Tumeamka salama. Jana baba yako karudi kitini, lakini bila shati la kola, kakaa na la kulalia. Nimekubali hilohilo.

Unaniuliza anafanya nini. Hafanyi kitu. Hayupo.

Fundi ananitazama, ngoja nieleze. Baba yako anacheza kete moja. Moja tu. Wewe unajibu, yaani mashine inajibu, nayo ina polepole yake, inavuta muda. Yeye anaitazama ile hali ya ubao, anachukua fimbo yake, anaondoka. Anashuka ngazi ya nyuma ambayo mimi inanitia roho juu, anakwenda karakana. Hakuna kazi huko, wateja walikwisha zamani. Anakaa kwenye benchi lake. Anashika randa kwa ule mkono wa kushoto anaipitisha juu ya ubao bila kuikandamiza. Ananusa mbao. Siku nyingine analala palepale amekaa. Akishafikiri ndipo anarudi, awe amekwenda kwa muda wa kupika au kwa mchana mzima, anacheza kete yake moja, anaondoka tena. Mashine ikimkuta kawahi, salama. Ikiwa kachelewa, ndipo nalikuta sanduku linavuma na kiti kitupu.

Mbona unauliza kama mgeni? Si ndivyo mlivyokuwa mkicheza nyinyi. Ubao mwisho wa benchi, mmoja anapita na kitasa anasogeza, mwingine anatoka kupiga msasa mlango anapita anasogeza. Mchezo mmoja ulikuwa unakaa mpaka kabati linakwisha na mwenyewe analichukua. Nilikuwa nakuja kuwaiteni kula nakuta mmeupa mgongo nyote wawili, kila mtu na kazi yake, na mnasema mnacheza. Nikasema hawa wanaume wana wazimu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa mbele ya ule ubao.

Umesahau hayo?

Mama yako

15 Machi

Shikamoo Mama,

Hamjambo huko? Mimi sijalala vizuri lakini siyo ugonjwa.

Nimeupata ubovu. Nitaueleza polepole ili Fundi naye aelewe.

Hiyo programu imewekwa ifikiri hata wakati siyo zamu yake. Wakati mpinzani anawaza acheze nini, yenyewe inawaza kila anachoweza kucheza, na itakavyomjibu, na atakavyojibu yeye, bila mwisho, na yote hayo inayarundika kwenye kumbukumbu yake. Mtu akikaa mbele yake akacheza, ule mrundo unafutwa kila anapocheza. Mtu akienda karakana mchana mzima, mrundo unakua mpaka kumbukumbu inajaa, halafu mashine inaanza kumwaga vitu kwenye diski ipate nafasi. Ndicho kijitaa chekundu. Ndiko kule kuvuma. Na kompyuta nzima inanaswa humo.

Mimi nilipoijaribu nilikaa kitini nikacheza haraka haraka, kete baada ya kete. Sikuondoka hata kwenda kunywa maji. Nilimjaribia Baba mashine kama mtu asiyemjua Baba. Umeniuliza kama nimesahau. Ndiyo Mama, nilikuwa nimesahau. Nilikumbuka tulivyogombana, neno kwa neno, na hilo nikalisahau.

Fundi afungue drafti, juu kuna neno Mipangilio, ndani yake kuna mstari umeandikwa "Fikiri wakati wa zamu ya mpinzani". Pana alama ya tiki. Aitoe. Basi, ni hiyo tu. Haitaganda tena hata Baba akienda kutwa.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Kimya changu usikihesabu. Wewe u mzima? Mgongo?

Tiki Fundi aliitoa siku ileile. Na ulisema kweli, haijaganda tena. Sanduku halivumi, kijitaa kimetulia, saa ya kwenye kona inakwenda. Hapo uko sawa kabisa, mikono yako ibarikiwe.

Lakini sasa inajibu papo hapo. Sijui ile tiki ilikuwa inaitia uzito, sijui vipi, wewe ndiye mjuzi. Baba yako alisogeza kete, hajatoa kidole, nyeusi ikaruka kumjibu. Akashangaa. Akasogeza nyingine, ikaruka. Nilikuwa nakunja nguo, nikamwona anacheza kete ya ovyo makusudi, ya kujipeleka kuliwa, ikamla hapohapo kama kuku anavyodonoa. Akanigeukia. Akasema, "Siye."

Nikamwambia ndiye. Akatikisa kichwa. "Huyu hana kazi nyingine," akasema. Kwa baba yako hiyo ni hotuba.

Hajakaa tena kwenye kile kiti. Hakusema kapindua, hakugeukia ukuta. Analala chali tu anatazama dari. Hilo ndilo linalonitisha, akinuna angalau najua yupo. Daktari alipita, kaubonyeza mguu, unabonyea kama unga, kasema mnamwacha alale mno. Nimemwambia njoo umwinue wewe.

Fundi ana shauri lake, anasema mwandikie aiambie mashine ichelewe, ijifanye inafikiri, Mzee atarudi. Labda inawezekana. Lakini mwanangu, nimechoka kumdanganya. Nilidhani nimebeba kitu chepesi, kumbe kinaongeza uzito kila siku. Nakuuliza swali la mjinga. Hiyo kete nyeusi haiwezi kusogezwa na wewe mwenyewe? Sikwambii uje. Najua huwezi. Nasema kusogeza tu.

Mama yako

6 Aprili

Shikamoo Mama,

Pole na kuuguza. Najua ngazi, najua beseni, najua kuosha mtu mzima, na yote unafanya na hayo magoti.

Inawezekana. Ilikuwa inawezekana tangu mwanzo. Kwenye Mipangilio kuna mahali pa kuchagua mpinzani, kompyuta au mtu wa mbali. Nilipoituma nilichagua kompyuta. Nilijiambia ni kwa sababu sina muda. Siyo muda, Mama. Niliogopa asije akajua ni mimi akainuka.

Fundi achague "mtu wa mbali" aandike lile jina nililomtumia pembeni. Anapokuwa ndani anashona, awashe intaneti ya simu yake, kete zitapita. Mimi simu yangu nimeiweka kwenye rafu juu ya mashine ya kufulia. Nikipita na mkokoteni wa mashuka nasogeza, naendelea. Mkuu akiniona atasema, akisema nitamjibu.

Msimwambie Baba kitu chochote. Nitaanza mimi. Iacheni mezani mahali anapoweza kuiona akiwa kitandani, kama atataka kuiona.

Nikutahadharishe tu, sichezi vizuri. Siku hizi nimechoka kiasi kwamba nakunja shuka nimefumba macho.

Mwanao

13 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Salamu za hapa ni nzuri, leo naanza na hilo. Fundi yuko upande wangu na pini zake, gauni la bibi harusi limerudi, sasa linataka kupanuliwa, usiulize.

Tuliigeuza meza ikaelekea kitandani. Siku ya kwanza asubuhi ubao ulikaa bila mwendo wowote, kete zote mahali pake. Baba yako anatazama dari, halafu anatazama ubao kwa pembeni kama mtu asiyetazama. Namlisha, macho yanakwenda kule. Mchana, hakuna. Nikaanza kukulaumu moyoni, naungama. Mara katikati ya chakula kete nyeusi ikasogea, moja, ikatulia. Akausukuma mkono wangu na kijiko. Akasema, "Niinue."

Akacheza yake. Tukangoja wote, Fundi kaisimamisha cherehani. Hakuna kitu. Baba yako akangoja kidogo, akachukua fimbo yake, akashuka ile ngazi, akaenda zake karakana. Nilimtazama mgongo nikakaa chini kwenye kiti chake.

Tangu hapo ndivyo siku zinavyokwenda, nawe unajua, upo upande wa pili. Moja yako, moja yake. Hajasema ni wewe wala siye. Shati la kola kalidai mwenyewe juzi.

Sasa ya jana. Ile kete uliyoicheza jana, mwanangu, mimi sijui drafti lakini hata mimi niliiona. Umejiacha wazi, anakula moja, anaruka anakula ya pili, anafika mwisho wa ubao anaingia kingi. Fundi akapiga makofi, "Mle, Mzee, mle." Na mashine hiyo unajua ilivyo, pakiwepo pa kula inakulazimisha ule, haikubali usogeze kwingine.

Baba yako akaitazama ile kete. Hakuinuka kwenda karakana. Akatazama sana, halafu akasema, "Kachoka huyu."

Akasema tena, na mimi nimemwambia Fundi aandike kama lilivyotoka, maana tangu uondoke hajanituma neno lolote kwako. Alisema, "Mwambie akalale."

Kwa hiyo nakwambia. Na ukitazama simu yako hapo kwenye rafu ukaona upande wetu hausogei, leo usisogee, kesho usisogee, usitafute ubovu wala usimuulize mtu mtandaoni. Haijaganda. Ni baba yako amekaa mbele yake, mkono juu ya goti, hataki kukula ukiwa na usingizi.

Ukishaamka tuambie, ndipo akule.

Mama yako